Hodi Kwenye Wodi Tupu

Zamani watu waliingia hospitali ile wakinong'ona. Siku hizi mbuzi huingia watakavyo, na mzee mlinzi, aliyepiga deki humo miaka thelathini, alikwisha kuchoka kuwafukuza. Ndipo akaja binti mmoja mpiga picha, kuipiga picha hospitali kabla haijabomolewa. Wiki nzima alifika asubuhi, magoti ya suruali meupe kwa chokaa, na kwenye kila wodi, hata isiyo na mlango, alisimama kizingitini akabisha hodi, akangoja kidogo, kisha akaingia. Hakusogeza kitu. Kitanda kilichopinduka alikipiga picha vilevile, yeye kalala kifudifudi juu ya kinyesi cha popo.

"Unambishia hodi nani, binti?" mzee alimkejeli. "Wagonjwa walishahama, na adabu zao."

"Nisije nikawakuta wanavaa, babu."

Ijumaa tingatinga la kubomoa lilikwisha kuegeshwa uani, na ilibaki wodi ya wazazi tu, ambayo paa lake lilikuwa limebonyea katikati. Mzee akamkataza katakata. Binti akainama, akakaza kamba za viatu.

"Nimepiga picha vyumba arobaini na kimoja, babu. Hiki sikiachi."

Mzee akamfuata akinung'unika. Hivyo ndivyo anavyomkumbuka mpaka leo, maana hawakuonana tena baada ya siku hiyo: kasimama wima kizingitini, vumbi la dari likimdondokea begani.

"Hodi," akasema.

Mzee akajikuta amevua kofia.

"Karibu, mwanangu. Ila pita kando ya ukuta, hapo katikati nimetoka kupiga deki."

Akapita kando ya ukuta, kwa ncha za vidole.