Mlio Uliobaki Injini Ilipozimwa

Nimesomeshwa kutilia shaka kila nisichoweza kukipima, na haya ninayoyaandika nimeyatilia shaka kwa miaka. Bado ni kweli. Ukitaka kucheka, cheka, mimi nilikuwepo.

Nilikuwa nimerudi Kamembe, upande wa Rwanda, kutoka Bukavu ya Kongo, nilikokulia, na vita vya ng'ambo ya mto Rusizi vilikuwa bado vinasikika. Kituo chetu cha afya kilikuwa na gari moja tu: pikapu kuukuu iliyookotwa barabarani, ilikoachwa na watu waliokimbia. Mchana ule niliiosha kwa maji mengi na sabuni, mpaka ndani ya injini, ili wagonjwa wetu wabebwe katika usafi. Jioni ukaja ujumbe kutoka Nkanka: dada yangu Vestine ameshikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, leteni gari.

Injini iliwaka kwa kukohoa, na kitu ndani kikawa kinagonga. Ko, ko. Kimya. Ko.

Nikamwita Papa Idi, fundi wa mtaani kwetu. Alifungua boneti, akacheka, akaniita kwa jina alilonipa kwa usomi wangu.

"Papa Diplome, hii motokari uliinawisha sawa mutoto muchanga. Maji imeingia ku mabuji."

Alizitoa plagi, akazikausha, akapangusa kifuniko cha distributa. Kukohoa kukaisha, kugonga hakukuisha. Akaondoa mkanda wa feni, bado. Akaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini na mpini sikioni, kama mafundi wafanyavyo, kisha akaniambia nizime.

Nilizima. Ko, ko. Kimya. Ko.

Utasema ni chuma kinachopoa. Nami nilisema hivyo. Papa Idi alikuwa akimtazama mwanamke aliyesimama nyuma ya gari. Kitenge chake kilikuwa kikavu, ingawa mvua ilikuwa imeanza kutunyeshea.

"Kwetu batu banazika, kisha banakaraba," alisema kwa upole. "Ninyi mulikaraba mbele ya kuzika."

Nani katika wilaya yetu ya Rusizi asiyejua desturi hiyo ya kukaraba? Waliozika hunawa mikono pamoja, ndipo msiba hupoa.

"Tuzike nani, Maman?" nilimwuliza.

Alinyoosha kidole kwenye mbao za sakafu ya pikapu. Papa Idi akang'oa ubao mmoja. Chini yake, katika tope la zamani lililolainishwa na maji yangu, palikuwa na kiatu kidogo cha plastiki. Kilichokuwa ndani ya kiatu sitakiandika. Tulipoinua macho mwanamke hayupo, na pale aliposimama tope halikuwa na alama ya mguu.

"Vestine anangoja," nilisema.

"Na huyu pia," alisema Papa Idi. "Alingoja kumupita Vestine."

Tukazika nyuma ya kituo kwa jembe la bustani, yeye akiomba kwa Kiarabu, mimi kwa Kinyarwanda, wala hakuna aliyekuwa na jina la kulitaja. Tukanawa. Papa Idi akarudisha mkanda wa feni, na injini ikawaka bila mlio.

Vestine alijifungua garini, njiani kuelekea hospitali ya Gihundwe. Wote wawili waliishi. Namshukuru Mungu kwa hilo, na ndiyo maana kinachofuata nakiandika kwa hofu.

Mpwa wangu amekua sasa. Mvua inapokaribia, akiwa amelala kwangu, ngumi yake hupiga ubao wa kitanda: ko, ko. Kimya. Ko. Mimi huushika mkono ule mpaka utulie, nisijue ni wa nani.

Kwa hiyo nakusihi: ukipewa gari lililopita vitani, usikimbilie ndoo na sabuni. Uliza kwanza lilimbeba nani. Na likigonga, zima injini, usikilize.