Waya Usipate Moto

Mume wangu alikuwa mchonga milango hapa Isevya, na kabla ya kiharusi hakuwahi kuruhusu mashine iguse nakshi yake. Alikuwa na nyundo ya mti na patasi, basi. Kiharusi kilipomlaza akaweka nadhiri: Mungu akimjalia kushika tena mti, atauchongea msikiti wa mtaa wetu jeneza jipya kwa mkono wake mwenyewe, asisaidiwe hata jani moja la nakshi. La zamani lilikuwa limechoka, miguu inacheza, wabebaji wanalifunga kamba. Mimi nilikuwa kando ya kitanda na bakuli la uji. Nikasema moyoni, huyu naye, kijiko kinamshinda, anaweka nadhiri ya mbao.

Akainuka. Ulimi ulirudi, mguu ukarudi kwa kuburuta, lakini mkono wa kulia ulibaki kama wa kuazima. Nguvu ya kuinua nyundo haukuwa nayo, na kiganja hakikusikia kitu. Baridi, moto, mwiba, yote kwake yalikuwa mamoja. Ndugu zake wakamnunulia mashine ya kuchonga. Mota yake hutundikwa juu, na kutoka kwenye mota hushuka waya mnene wa chuma uliosokotwa, unaozunguka ndani ya mpira mrefu kama wa kumwagilia bustani, mpaka kwenye mpini wa kushika. Kwenye ncha ya mpini ndipo hukaa biti inayokula mti. Mpini aliushika kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia akaulaza juu ya mpira usirukeruke.

Ugonjwa wa mashine hiyo ni joto. Waya ukipindwa sana, ukikosa kilainishi, ukiendeshwa bila kupumzishwa, unasuguana na mpira wake mpaka unaiva. Sisi hatukulijua hilo, tulijua la kwetu. Seremala wa Tabora hakosi bonge la nta ya nyuki mfukoni. Anaipaka kwenye msumeno usikwame, anaipaka kwenye skrubu iingie laini. Mume wangu aliletewa yake kutoka Ipole, ya njano, yenye harufu nzuri. Mashine ilipoanza kulia kwa ukavu, akaniambia niyeyushe nta jikoni. Tukachomoa waya, tukaupaka wote. Siku hiyo ulizunguka kimya, naye akanitazama kwa majivuno kana kwamba yeye ndiye aliyeiunda mashine.

Siku iliyofuata nta ikayeyuka kwa joto, ikashika vumbi la mninga, ikageuka gundi. Waya ukawa unajikokota humo. Karakana nzima ilinuka asali inayoungua, na hakuna aliyeshtuka, maana kwetu harufu ya asali haijawahi kuwa ya shari. Alasiri nilikuwa namwagia maji atawadhe, nikaona kiganja chake cha kulia kimejaa malengelenge. Mpira ulikuwa umemuunguza, naye hana habari.

Nililia kwa hasira. Nikamwambia, "Baba, mashine hii naitupa leo."

Akasema, "Ukiitupa, na nadhiri yangu umeitupa."

Ng'ambo ya barabara yupo fundi baiskeli, Mgogo, mtani wetu. Utani wa Wagogo na Wanyamwezi ni wa tangu enzi za misafara, babu zetu walipopita Ugogo na mizigo kwenda pwani, na hauna likizo, hata msibani unaingia. Akaja kutoa pole. Akakitazama kile kiganja, akatikisa kichwa.

"Mnyamwezi, babu zako walibeba pembe mpaka pwani wasiungue. Wewe umeunguzwa na mpira, tena umekaa kwenye stuli?"

"Toka hapa," mume wangu akasema, lakini alikuwa anacheka.

"Wale walijua kutua. Mzigo ukiwaka begani, unatua, unavuta pumzi, unaendelea. Nyie mnaupaka nta!"

Huku anatukana, mikono yake inafanya kazi. Aliuosha waya kwa mafuta ya taa mpaka nta ikatoka, akatuonyesha nyuzi zake kadhaa zilizokwisha kukatika. Mjini hatukupata mwingine, na wa kuagiza Dar ulikuwa wa kuahidiwa tu. Kwa hiyo huo mgonjwa ndio uliotakiwa kulifikisha jeneza mwisho. Ukiungua tena utakatika, na nadhiri itabaki nusu.

Mtani akainua mota, akaitundika karibu na kenchi za paa, ili waya ushuke kwa mzunguko mpana pasipo kukunjika. Akaupaka grisi kidogo, kisha akaifuta kwa tambara ibaki ya kung'arisha tu, maana grisi ikishindiliwa nayo inaleta joto. Akaagiza biti iwe kali muda wote, na mti usikandamizwe.

"Sasa kinatakiwa kiganja," akasema. "Si chako wewe, chako kimekufa. Shemeji, kaa hapa. Weka mkono. Ukisikia joto linataka kukufukuza, mwambie atue."

Ndivyo nilivyoingia karakana, mimi ambaye miaka yote niliingia humo kufagia maranda tu. Nilikaa kwenye kigoda, kiganja juu ya mpira, nikisikia mtetemo unapanda mpaka kwenye kiwiko. Mpira ulianza vuguvugu, ukawa kama kikombe cha chai, na kabla haujafika mbali nikasema, "Tua."

"Bado jani moja."

"Jani halina miguu. Tua."

Tuligombana kweli. Alikuwa anaona siku zake zinamkimbia, hakulisema lakini nililiona, na kila nilipomsimamisha alinikazia macho kama mwizi wake. Siku nyingine nilinyanyuka nikazima swichi mwenyewe. Nilikuwa naogopa waya ukatike mikononi mwangu, halafu nimtazame usoni.

Wakati waya unapoa tulikuwa hatuna la kufanya ila kukaa. Nikaanza kuchemsha kahawa. Akanisimulia alivyojifunza kuchonga, na milango aliyoichonga Bukene kabla hatujajuana. Nilimwambia mambo ya nyumbani kwetu ambayo hakuwahi kuniuliza. Tumelea watoto, tumezika wazazi, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa naye mchana bila mmoja wetu kuwa na haraka. Nilikuwa na furaha, nasema ukweli, katikati ya vumbi lile.

Imamu alikuwa ametuonya tusizidishe mapambo, jeneza si mlango wa tajiri. Basi likawa na ua moja kila ubavu na mshipi wa majani kuzunguka. Ua la ubavu wa kulia ndilo lililokuwa la mwisho. Siku alipolimaliza waya ulikuwa mzima, naye akauchomoa, akaufuta, akauviringisha taratibu. Alikuwa amechoka sana.

Jeneza likapelekwa msikitini, likakaa. Mtani akatangaza barabarani kwamba mtaa mzima umepata afya ghafla, hakuna anayetaka kulizindua. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa.

Alilizindua yeye. Kiharusi kilirudi mwanzo wa mvua, na safari hiyo hakikumwachia nafasi ya nadhiri.

Kwetu wanawake hatuendi makaburini, mwisho wetu ni mlangoni. Wanaume walipolibeba kutoka ndani, mtani akasimama kizingitini, akatanua mikono, macho yamemvimba kwa kulia.

"Tueni! Hilo limepata moto! Nani kalipima?"

Wazee wakacheka na huku wanafuta machozi, maana mtani hazuiwi. Wakalitua juu ya mkeka. Akanigeukia, sauti imemshuka.

"Shemeji, pima."

Nikapiga magoti. Nikapitisha mkono chini ya shuka lililolifunika, nikalitafuta lile ua la kulia, nikalaza kiganja juu yake. Walinisubiri wote, hakuna aliyeniharakisha.

"Limepoa," nikawaambia. "Nyanyueni."