Nguo za Saidi Juu ya Mawe

Nilipokuwa na miaka tisa, kwetu Mabanga, kazi yangu ya kila jioni ilikuwa kuanua nguo za mdogo wangu Saidi kabla jua halijazama. Tulizianika juu ya ukuta wa mawe meusi ya volkano, maana mawe yale hushika joto na nguo hukauka upesi. Nyanya alikuwa ametuonya: nguo ya mtoto mchanga ikikutwa nje na giza, ndege wa usiku hupita juu yake, na mtoto hushikwa na ugonjwa wa ndege.

Jioni moja nilinogewa na kuruka kamba, nikasahau nepi mbili.

Haikupita wiki, Saidi akaanza kushtuka. Alikuwa na miezi mitano. Kila akiamka alikunja shingo na kurusha mikono mbele, akatulia, kisha akarudia tena na tena. Hakuwa na homa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba aliacha kunichekea.

Nyanya akamvua nguo, akatuonyesha mabaka meupe mgongoni.

"Ona alama ya mabawa. Ndege imemupita. Zaina, ni wewe uliacha nguo inje?"

"Ni mimi, nyanya."

Mama alikwisha kushika mfuko aende hospitali. Nyanya akamzuia mlangoni.

"Mutoto wa ndege hawamupigaka sindano! Ukimupeleka, utarudi na maiti."

Mama akauweka mfuko chini. Saidi alifukizwa majani, akavalishwa hirizi. Hakuwahi kukaa mwenyewe, na tulimzika kabla hajatimiza miaka miwili.

Nami nilijua jambo ambalo sikulisema. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshika Saidi mama akimwogesha, na yale mabaka niliyaona tangu wiki zake za kwanza, zamani kabla ya jioni ile. Lakini ningemkosoa nyanya kwa kinywa gani? Nikanyamaza, na hilo sijajisamehe.

Mwaka huu nilipompeleka mwanangu kuchanjwa, nikamsimulia muuguzi. Akasema mishtuko ya namna ile ina sababu nyingi. Kuna mtoto aliyekosa hewa akizaliwa, kuna aliyeugua ubongo, na kuna anayezaliwa na ugonjwa unaotia vivimbe ubongoni na mabaka meupe kwenye ngozi.

"Mama, yale mabaka ndiyo yangetuonyesha ule ugonjwa," akaniambia. "Na dawa iko. Haisaidiaka wote, lakini iko."

Nilitoka pale moja kwa moja hadi kwa mama. Nyanya alikuwa amekwisha kufariki. Nilimkuta mama akichambua maharage, nikamweleza yote, naye akasikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia," akasema. "Lakini ile siku, Zaina, juu ya nini uliacha nguo inje?"

Baada ya yote yale, bado aliniuliza kwa nini. Nilikasirika, kisha nikaelewa. Akinikubalia, itambidi aukumbuke ule mfuko aliouweka chini, na hilo hataliweza. Afadhali kosa libaki kwangu, nimelizoea.

Nilipofika nyumbani jua lilikuwa linashuka. Nikaanua nepi za mwanangu, zote, nikazihesabu mara mbili.