Gemu ya Mkono Mmoja

Paskazia alipoomba ruhusa ya kwenda kumuaga binti yake anayeolewa, Raed hakusema ndiyo wala hapana. Alisimama mlangoni pa jiko, funguo za gari mkononi, akatazama sakafu kama mtu aliyeangusha kitu.

"Dada, tiketi si tatizo," alisema. "Ruhusa si tatizo. Tatizo unalijua wewe kuliko mimi."

Tatizo lilikuwa sebuleni, limevaa dera la maua, miguu juu ya kigoda, linacheza gemu.

Bi Lamees, mama yake Raed, alizaliwa Unguja akaletwa Dubai bado msichana. Kiarabu alizungumza na wageni. Kiswahili alizungumza na watu. Ndiyo maana mwanawe alipotafuta mtu wa kumtunza alimwambia wakala asimletee yeyote asiyejua Kiswahili, na hivyo Paskazia akatoka Bukoba akaja kwenye nyumba ile ya Rashidiya, kwa mkataba mmoja uliozaa mwingine, na mwingine tena. Siku ya kwanza alimwita "madam". Bi Lamees akageuka kumtafuta huyo madam ni nani. Tangu hapo akawa Bibi.

Belinda, binti yake Paskazia, aliachwa kwa bibi yake Bukoba akiwa hajui kufunga kamba za viatu. Komunyo yake ya kwanza mama yake aliiona kwa picha. Mahafali ya kidato cha nne aliyaona kwa video iliyokuwa ikikatika, kila baada ya muda uso wa mtoto unaganda mdomo wazi. Sasa mtoto huyo anaolewa, na safari hii Paskazia alikuwa ameapa hataangalia kwenye simu.

Lakini figo za Bi Lamees zilikuwa zimechoka. Mara tatu kwa wiki alipelekwa kliniki kusafishwa damu, kwa muda wa saa nne kila mara, mkono wa kushoto umenyooshwa na sindano mbili ndani yake. Alikubali kwenda kwa sharti moja tu, kwamba Paskazia akae kwenye kiti pembeni yake mwanzo mpaka mwisho, wapige soga. Walijaribu kumpeleka na mtu mwingine. Alikataa kushuka garini.

"Siendi kuanikwa kule peke yangu kama samaki ng'onda," alisema.

Madaktari walishamweleza Raed kwamba akikosa kusafishwa mara mbili mfululizo, huenda asiamke. Kwa hiyo Raed alisema alichoweza kusema: "Mama akikaa kule bila wewe, hata mara moja tu, nakupeleka uwanja wa ndege mimi mwenyewe. Wallahi."

Paskazia akarudi sebuleni akakaa, akamtazama Bibi akicheza. Mashine ile ya gemu ilikuwa ya Raed utotoni, ya kijivu iliyogeuka njano kama meno ya mvuta sigara. Mumewe alipofariki, Bi Lamees alikaa eda ndani ya nyumba hii, miezi minne na siku kumi hatoki, na katika kufukuza fikra mbaya akaichomeka kwenye televisheni. Gemu ni ya matofali: yanashuka kutoka juu, unayageuza, unayapanga, safu ikijaa inafutika. Eda ikaisha, gemu haikuisha. Alicheza jioni baada ya jioni, televisheni pana kama mlango mbele yake, na mwili wake ulitulia namna ambavyo haukutulia kwa dawa wala kwa mgeni yeyote.

Akipata hiyo kule kliniki, Paskazia aliwaza, hatanihitaji mimi.

Raed alishawahi kufikiri hivyo. Alinunua kompyuta ya kushika yenye gemu ileile. Bi Lamees aliipapasa kioo, akairudisha. "Hii sijui nimeibonyeza au nimeifuta vumbi." Akamletea gemu mpya ya mkononi, ghali, vifungo mbele na nyuma. "Na hii ya kurushia ndege?" Alitaka yake, na vifungo vyake.

Jumapili baada ya misa Paskazia alimwendea Severin. Severin ni kijana wa Kamachumu, jirani na kwao Bukoba, fundi wa viyoyozi, anayeishi Muhaisnah chumba kimoja na wenzake kadhaa. Na siku ya mapumziko watu humletea redio, pasi na simu zao akazifufua kwa kujifurahisha tu.

"Nataka mashine ya gemu ya televisheni iwe ya kushika mkononi," Paskazia alisema.

"Dada waitu," alisema kwa heshima ya Kihaya, "si ununue?"

"Zimenunuliwa. Hazitakiwi."

Severin akakuna kidevu. "Inawezekana. Lakini lazima tuikate. Na ikikatwa vibaya, ndiyo basi, hakuna kuirudisha. Mwenyewe anajua?"

"Nitamwambia."

Alimwambia. Bi Lamees akasema, "Basi ikatwe mbele yangu. Sitaki kusimuliwa."

Ndivyo ilivyokuwa Jumapili iliyofuata, katika jiko la nje, nyuma ya nyumba, Bi Lamees kwenye kiti cha magurudumu na kanga mabegani, Severin mezani na begi lake la kazi. Paskazia alikuwa amekwisha kumpa masharti. Mkono wa kushoto hautakiwi kusogea hata kidogo, kwa hiyo vifungo vyote vikae kulia. Kule hairuhusiwi kuchomeka kitu ukutani, kwa hiyo iwe na betri yake. Isiwe nzito. Iwe na miguu isimame yenyewe kwenye meza ndogo ya kiti cha mgonjwa. Alijilaza hata kwenye meza ya kupigia pasi kumwonyesha jinsi Bibi anavyolala. Severin alicheka, lakini alipima.

Aliifungua mashine, akapuliza vumbi la miaka. Ndani kulikuwa na bodi moja ya kijani, pana kuliko sahani.

"Sehemu kubwa hapa si gemu," alieleza, akionyesha kwa ncha ya bisibisi. "Huku ni tumbo, pa kula umeme wa ukutani. Huku ni mdomo, pa kuzungumzia na televisheni. Ubongo wenyewe ni hapa katikati tu, saizi ya kiganja. Tumbo tunaipa jingine dogo, la betri. Mdomo tunaukata, tunaunga skrini moja kwa moja."

"Maskini," alisema Bi Lamees. "Kumbe hata nayo inafanyiwa upasuaji."

Severin alichora mstari kwa kalamu ya wino mzito, akaukagua, akaufuta kipande, akauchora upya. Kisha akawasha mashine yake ndogo ya kukatia. Ilitoa mlio wa mbu na harufu ya nywele zilizoungua.

"Taratibu! Hilo si papai!"

"Papai ningelikata nimefumba macho, Bibi."

"Basi yafumbue!"

Kipande kikaanguka mezani. Severin akaunga nyaya kwa risasi ya kuyeyusha, uzi baada ya uzi, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Akaunga betri, akaunga skrini, akachomeka kaseti ya gemu, akabonyeza.

Hakuna kitu. Skrini ilibaki nyeusi. Akabonyeza tena.

"Umeiua," alisema Bi Lamees, polepole.

Paskazia aliangalia ukuta. Akilini alimwona Belinda akitoka nyumbani kwa bibi yake, vigelegele, watu wamejaa uani, na mkono uliomshika si wake. Aliona na sebule hii jioni, televisheni imezimwa, na mwanamke mzee ambaye yeye Paskazia amemnyang'anya kitu pekee kilichokuwa kikimtuliza. Alitaka kuomba radhi, na hakujua aanzie kwa nani.

Severin alitoa mita yake ya kupimia umeme, akaanza kugusa hapa na hapa, akisikiliza kama italia. Alipita mstari mzima wa ukingo aliokata, kisha akarudi nyuma, akasimama.

"Nimekata mshipa," alisema. "Huu hapa, mwembamba. Umepita karibu mno na msumeno."

Alivuta waya mmoja kutoka kwenye kebo kuukuu, mwembamba kama unywele, akaulaza juu ya jeraha, akaudondoshea risasi kila upande. Akabonyeza.

Muziki ukatoka, ule ule, mwembamba na wa mbali kidogo, kama unaopigwa ndani ya kopo. Bi Lamees akacheka kwa sauti. Severin akajifuta jasho kwa mkono wa shati, akasema kwamba sasa atakunywa chai.

Gamba alilitengeneza kutokana na kasha jeupe la plastiki, la kile kidude cha ukutani cha kupangia baridi. Vifungo alivitoa kwenye pedi ya zamani ya kuchezea gemu ya Bi Lamees, vilevile vilivyolainishwa na kidole chake, akavipanga upande wa kulia. Skrini ilikuwa ndogo, upana wa kadi ya benki na ushee, lakini safi, rangi zote zimekaa. Bi Lamees aliishika, akavipapasa vifungo kimoja kimoja, akaviita "wanangu". Akacheza mara moja. Alishindwa upesi.

"Mwanga wa huku nje unanisumbua," alisema, akamrudishia Paskazia. "Lakini nzuri. Mpe kijana halua."

Jumanne wakaenda nayo kliniki. Muuguzi Virginia, Mkenya, alimchoma Bi Lamees sindano, akaitazama ile gemu kwenye meza ndogo, akapiga mluzi. "Shosh, bibi yangu, hii ni kali! Lakini sauti chini, majirani wako wanalala."

Paskazia akamfunika Bibi blanketi. "Mimi nipo nje, korido ile pale. Nikae?"

"Nenda. Kwani mimi mtoto?"

Korido ilikuwa na kiti kimoja kigumu na kioo kirefu cha kuchungulia wodini. Paskazia alikaa akingoja kuitwa. Dakika zilipita, hakuitwa. Saa ikapita. Virginia alitoka kuchukua dawa, akamwambia akipita, "Leo mama yako ni mpole, weh! Hajaniita hata mara moja. Ni yeye na gemu yake."

Saa tatu zilipokuwa zimepita Raed akaja, bado na kitambulisho cha kazini shingoni. Alisimama mbele ya kioo, akamwona mama yake ameketi wima, uso kwenye kile kisanduku cheupe, kidole gumba cha kulia kinakwenda. Alishusha pumzi ambayo Paskazia aliona ameibeba muda mrefu.

"Alhamdulillah. Khalas, dada. Utakwenda."

Paskazia alitaka kucheka, akaona machozi yanamtangulia. Akasema anaingia mara moja kumrekebishia Bibi blanketi.

Alimwendea kwa nyuma, upande wa kichwa. Kwa hiyo aliiona skrini kabla Bi Lamees hajamwona yeye. Matofali yalikuwa yamejaa mpaka juu, ovyo, mapengo kila mahali, na juu yake maneno yaliyosimama bila kutikisika kuonyesha mchezo umekwisha. Hapakuwa na kitu kinachoshuka. Na kidole cha Bi Lamees kiliendelea kubonyeza: kulia, kulia, geuza, kulia. Mara moja moja alitikisa kichwa, kama mchezaji aliyekosea kidogo.

Paskazia alichuchumaa kando yake. Alikuwa amemweleza Severin habari za mkono, za uzito, za betri. Habari za macho hakuwaza kumwambia.

"Bibi. Unayaona matofali?"

Kidole kikasimama.

"Naona mwanga."

"Na matofali?"

"Mwanga, nshakwambia. Kwenye ile televisheni kubwa nilikuwa nayaona. Hapa siyaoni. Sukari ishakula figo, sasa inakula macho, haina haya. Na ukimwambia Raed ataniongezea madaktari wengine."

"Kule jikoni ulisema mwanga wa nje ndio unakusumbua."

"Kule jikoni kijana alikuwa anatoka jasho, nawe umekaa kama uko msibani. Ningesema nini?"

Paskazia aliangalia kwenye kioo. Raed alikuwa anazungumza kwenye simu, amewapa mgongo.

"Nitamwambia Severin atafute skrini kubwa."

"Mwambie. Akimaliza na wewe ushakwenda kwenu."

"Hapana, Bibi, ningoje kwanza, ili..."

"Paskazia." Bi Lamees hakupandisha sauti. "Wewe ukiambiwa ngoja, unangoja. Nimekutazama miaka yote hii. Huyo mtoto ataolewa mara moja, inshallah. Nenda kamshike mkono wake."

"Saa nne, Bibi, siku tatu kila wiki. Utakuwa unafanya nini hapa?"

"Nitabonyeza."

Mashine kubwa ya damu iliendelea kuzunguka kando yao. Paskazia alikuwa na maneno mengi, na kila neno lilikuwa na tiketi yake ndani yake. Akilisema, tiketi inaondoka. Angeweza kutoka sasa hivi akamwambia Raed ukweli, na ungekuwa ukweli mtupu, na mwanamke huyu angeendelea kupigiwa soga kama zamani. Angeweza pia kunyamaza. Alijua tangu anachuchumaa kwamba atanyamaza, na hilo ndilo lililomuuma, jinsi lilivyokuja bila kusukumwa.

Alinyoosha mkono akaongeza sauti kidogo, kiasi cha kufika sikio moja tu. Kisha akakishika kidole cha Bibi akakipeleka kwenye kifungo cha chini kabisa.

"Hiki ndicho cha kuanzia upya. Muziki ukienda mbio sana halafu ukakatika, ujue umekufa. Bonyeza hapa."

"Muziki wake naujua kuliko wewe," alisema Bi Lamees, akakisukuma mkono wake. "Haya, ondoka, unanizibia."

Alipotoka, Raed alikuwa amemaliza kuzungumza. "Vipi, anashinda?"

"Anacheza, sir."

"Unataka kuondoka lini?"

Paskazia akaitaja siku. Raed akainama kwenye simu yake, akaanza kutafuta ndege. Nyuma ya kioo Bi Lamees alijiweka sawa kwenye kiti, akabonyeza, na tofali la kwanza likaanza kushuka. Likatua pembeni, mahali pasipo pake. Yeye akatikisa kichwa, akaendelea na la pili.