Mkono wa Lusajo Shingoni

Siku Lusajo alipomaliza dripu ya mwisho, mama yake, Restuta, alipika pilau ya watu arobaini. Ukumbi wa kanisa pale Thornton Heath, London, ukajaa. Wakubwa kwa wadogo walimshika mkono, wakamwambia amepona, amshukuru Mungu. Lusajo alikuwa na miaka ishirini. Kwa miezi minane alikuwa akitibiwa saratani ya mitoki, zile tezi za shingoni na kwapani, na sasa nywele zilianza kuota, laini kama za kifaranga. Alitabasamu siku nzima mpaka mashavu yakamuuma.

Kesho yake, akipiga mswaki, mkono wake wa kushoto ulipanda wenyewe shingoni ukaanza kupapasa. Uvimbe haukuwepo. Baada ya chai ukapanda tena. Ikawa ndiyo kazi: kwenye basi anapapasa, dukani anapapasa, akitazama mpira anapapasa mpaka goli linampita. Akikohoa mara moja tu, anaona ugonjwa umerudi. Hakumwambia mtu. Angeanzaje? Watu walikuwa wamefunga na kuomba kwa ajili yake. Kusema anaogopa, leo hii wakati amepona, aliona ni kukosa fadhila.

Aliyemgundua ni Zipporah, muuguzi Mkenya wa kliniki alikotibiwa, mama asiyepitwa na jambo. Alikuwa anampima presha.

"Huo mkono umepoteza nini hapo shingoni?"

Lusajo akaushusha. "Hakuna kitu, anti."

"Nimeuona mara nne na hatujamaliza dakika tano. Sikiza, kijana. Dawa imeisha, woga haujaisha. Hiyo si dhambi, na wewe si wa kwanza."

Akamwandikia anwani ya kikundi cha vijana waliomaliza matibabu, waliokutana Tooting kila Alhamisi alasiri. Lusajo alikwenda kwa kuwa alijua Zipporah angemuuliza.

Aliwakuta vijana saba na mwalimu wao, Reshma, mwanamke wa maneno machache. Aliwaambia wafumbe macho, waifuate pumzi ikiingia na ikitoka. Lusajo aliifuata mara tatu, usingizi ukamchukua. Alipozinduka, wote walikuwa wanamtazama, na kijana mmoja wa Kingsbury, Yogesh, anacheka mpaka anafuta machozi.

"Unakoroma kama basi linalopanda mlima," Yogesh alimwambia.

Lusajo naye akacheka, mara ya kwanza kwa wiki nyingi bila kujilazimisha. Wakati wa chai Yogesh akamweleza kwamba yeye alitibiwa saratani ya damu, na kila akijigonga mezani na kuona alama ya buluu mguuni, huanza kutunga wosia. Lusajo hakuwahi kufikiri kuna mwingine wa namna yake.

Reshma hakuwaambia waache kuogopa. Alisema woga ukija, wautambue, wautaje kwa jina, kisha wairudishe akili kwenye kilichomo mikononi mwao. Akawapa zoezi: kila mmoja achague kazi moja ya nyumbani, aifanye kwa dakika kumi kwa akili yake yote.

Jumamosi Lusajo alimkuta mama yake mezani, sinia mbele yake, anachambua mchele. Restuta alikuwa ameishi London miaka ishirini na miwili na hajapata kuona jiwe kwenye mchele wa dukani.

"Mama, mchele hii haina mawe," alisema. Kiswahili alikielewa chote, ila kukisema kulimpiga chenga.

"Mchele huu hauna. Na mimi najua hauna. Kaa."

Akakaa. Akatazama punje: hii imevunjika, hii ina ganda. Zilikuwa baridi vidoleni. Mikono yote miwili ilikuwa kazini. Woga ukaja vilevile, na safari hii akautaja.

"Mama, mimi bado naogopa."

Restuta alisogeza punje kadhaa pembeni.

"Hata mimi, mwanangu. Ukikohoa naacha kula. Ukiwa bafuni nasimama mlangoni kusikiliza kama bado unajimwagia maji."

"Unasimama mlangoni mimi naoga?"

"Kwa nje."

Wakacheka mpaka sinia likayumba, mchele ukamwagika, wakapiga magoti kuuokota.

"Kwa nini hukuniambia?" Lusajo aliuliza chini ya meza.

"Nilikuona umetulia. Nikasema nisikutie hofu."

Mwezi Juni walikwenda pamoja kusikia majibu ya vipimo. "Woga umekuja," Lusajo alinong'ona walipokuwa wanasubiri. "Hata kwangu umefika," mama akasema. Lusajo akakanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, akaifuata pumzi yake hadi jina lake likaitwa. Majibu yalikuwa mazuri.

Alidhani siku hiyo mambo yatakwisha, lakini kwenye kituo cha basi mkono ukaanza tena kupanda. Tofauti ni kwamba aliuhisi ukipanda. Akautuma kumpokea mama mkoba.

Septemba alirudi chuo cha mafundi umeme, alikoacha masomo alipougua. Mwalimu akamuuliza mwaka mzima alikuwa wapi. Lusajo akamjibu kwa sentensi mbili, wanafunzi wote wakisikia, kwamba alikuwa anatibiwa saratani na kwamba bado huwa anaogopa, kisha akaomba apewe koleo la kukatia nyaya.