Dume Lenye Mimba

Wanafunzi walimwita Kalamu Nyekundu, naye alilijua jina hilo na hakulikataa. Miaka ishirini na miwili ya kufundisha Sayansi ilikuwa imemchosha hadi kwenye kope. Alipoambiwa kwamba mafunzo ya walimu safari hii ni ya kulala hukohuko, kwenye jumba la samaki, alishusha pumzi tu. Mguu wa kushoto umevimba, watoto kawaachia dada yake, na karatasi ya alama za darasa inatakiwa kwa mwalimu mkuu Jumatatu asubuhi. Aliitia mkobani. Mwalimu hata akienda harusini hubeba kazi.

Usiku walimu arobaini walitandikiwa magodoro ya sponji sakafuni, mbele ya matangi ya vioo. Mwanga wa buluu uliwafanya wote waonekane wagonjwa. Mashine za hewa zilinguruma, na papa mmoja mdogo alizunguka na kuzunguka kama mwalimu wa zamu. Kalamu Nyekundu alikuwa ndiyo kwanza amevua viatu wakati mtunza samaki, mama mmoja mnene mwenye mabuti ya mpira, alipopiga makofi.

"Walimu wangu, msilale kwanza! Njooni muone farasi wa baharini anajifungua."

Wakajikokota. Ndani ya kioo, kisamaki chenye kichwa cha farasi kilikuwa kimeshikilia jani kwa mkia, kikijikunja na kujikamua. Kila kilipojikamua, vitoto vyembamba kama nyuzi vilichomoka kwenye mfuko wa tumboni.

"Pole, mama wee," mwalimu mmoja akasema.

"Mama gani? Huyo ni baba," mtunza samaki akacheka. "Jike anamtilia mayai humo mfukoni, anakwenda zake. Mimba na uchungu ni vya dume."

Walimu wa kike walipiga vigelegele. Kalamu Nyekundu hakupiga. Alikumbuka mtihani wake.

Kwenye mtihani wa muhula alikuwa ameuliza: kati ya dume na jike, nani hubeba mimba? Msichana mmoja wa dawati la nyuma, mpole, aliandika: "Jike, isipokuwa farasi wa baharini." Mwalimu akalipiga jibu hilo mkasi mwekundu, alama ya kosa. Karatasi ziliporudishwa, mtoto alinyoosha mkono. "Mwalimu, nilisoma kitabuni." Naye akamjibu, "Basi kitabu chako kije kikufundishe." Darasa zima likacheka. Mtoto alipata thelathini na tisa, na asiyefika arobaini hurudia darasa.

Alirudi kwenye godoro, akaitoa ile karatasi. Shuleni kwao alama ikibadilishwa, pembeni lazima iandikwe sababu na itiwe sahihi. Mwenzake wa Hesabu, aliyelala godoro la pili, alipoelezwa kisa hicho, aliinua kichwa.

"Andika 'kosa la kujumlisha', ulale. Sote tunaandika hivyohivyo. Mimi ni wa Hesabu na kila muhula nakosea kujumlisha, hakuna aliyewahi kuniuliza!"

"Lakini sikukosea kujumlisha."

"Dada yangu, mkuu anatafuta kiongozi wa idara ya Sayansi, na jina lako liko juu. Unataka asome kwamba hukujua? Mtoto atapanda darasa vilevile."

Hapo ndipo alipokwama. Cheo kile alikisubiri miaka sita, kingempunguzia vipindi, na mguu wake ulivihesabu vipindi vyote. Na kweli, mtoto angepanda. Ila angepanda akiambiwa kwamba mwalimu alikosea hesabu, na jibu lake lingebaki kuwa utani.

Aliandika arobaini. Akatia sahihi. Pembeni akaandika: "Mwanafunzi alikuwa sahihi. Mwalimu hakujua." Alijisikia aibu, aibu ya mtu mzima ambayo haina pa kujificha.

Mwenzake alinyoosha shingo, akasoma, akaguna. "Haya, umejimaliza mwenyewe." Akajifunika shuka gubigubi.

Kalamu Nyekundu alikaa macho, na uchovu wote ule usimsaidie kupata usingizi. Alama aliirudisha. Lakini tangu siku ile ya kicheko, yule msichana hakunyoosha tena mkono darasani, na yeye, kwa wiki tatu nzima, alikuwa akimsifu kwamba siku hizi ametulia.