Muji ya Stanislas Iko Bado Mule Ndani

Mi nilisoma kidogo tu kwa bamasere, bale babikira ba misioni, kisha baba akasema inatosha. Leo munanikamatisha biki: "Mama Régine, andika habari ya Rigobert." Shi beko bantu na madiplome mu hii avenue? Basi nitaandika, na muntu asinisahihishe.

Rigobert ni mutoto yangu ya kwanza. Alikuwa elektrisien ku fonderi, kule banayeyusha shaba, mbele beyi ya shaba ianguke na bakubwa bafunge mulango bila kuaga. Kule, haugusi mashini kama haujakata kura, ule umeme, na kufunga kadna yako, kufuli, pale pa kukatia, muntu asiiwashe we ungali ndani. Funguo inabakia mu mufuko yako. Hata feri ya kupasia nguo ye anachomoaka mara mbili. Bantu banamuitaka Kadna.

Mwenzake ya kazi, Stanislas, alikuwa na ordinateri, kompyuta, na mule mucezo moja ya zamani, Remparts d'Argile: unajenga muji, unaulinda na basoda. Balipomufukuza mu nyumba ya kampani, akajenga kamp yote ya batumikaji mule ndani ya mucezo: kanisa, avenue, nyumba yake na barza. Kisha homa ikamubeba. Bibi yake Domitille akahamia kwetu Bel-Air na ile ordinateri. Kila siku ya Mungu, nyuma ya misa, Rigobert anamufungulia muji, Domitille anaangalia nyumba yake. Anacheka.

Lakini mucezo ilikuwa inazimika peke yake. Ku sibere, pale pa internet, bakamuambia Rigobert: verisio imezeeka, inaomba kiraka, kifaili kidogo cha kuitengeneza. "Angalia kwanza namba ya verisio, pa kona ya ekran ya ordinateri. Kila namba na kiraka yake. Tena ukopie pembeni ile partie, muji vile Stanislas aliuchunga."

Rigobert anafika nyumbani, Domitille amekwisha kuikaa na kitenge yake ya misa.

— Shemeji, unangojea nini?

— Niangalie namba kwanza.

— Aa, Kadna! Ni mucezo hii, haiko tanuru!

Akaona haya, akaweka kiraka bila kuangalia namba wala kukopia partie. Mucezo ikafunguka muzuri kabisa. Akaita muji ya Stanislas, ikakatala: partie hii ni ya verisio ingine.

Domitille akauliza polepole:

— Shemeji, nyumba yangu iko wapi?

Tangu pale Rigobert hakula muzuri tena. Nikamuambia: "We mutoto, haukuua muntu!" Akanijibu: "Mama, Stanislas hakuwasha mashini hata siku moja mi ningali ndani. Mi nimewasha, ye eko ndani."

Yule wa sibere akakuja, akachungulia: partie haikufa. Inaomba tu verisio yake, 1.04 ya kifaransa. Lakini diske ya kuirudisha ilipotea siku balitupa vyombo vyao inje. Rigobert akaweka ordinateri mu male, sanduku ya chuma, akaifunga na kadna yake ya kazi. Domitille angali anamupikia bukari, angali anamuita shemeji. Njo inamuumiza kupita matusi.

Sasa we mwenye kusoma: simama, fungua makarto yako, yale maboksi ya vitu vya zamani, chini ya kitanda. Ukiona Remparts d'Argile ya kifaransa, soma namba karibu na tundu ya diske. Kama ni 1.04, usiijaribu, usiipanguse na nguo. Ilete Bel-Air, uliza kwa Mama Régine. Kesho ni mbali. Simama sasa.